Fundi Hapandi Paa Jumapili

Kinyua alipanda juu ya paa la mama mkwe wake Jumapili, tarehe tisa Julai 1989, saa saba mchana, zikiwa zimebaki siku kumi na tatu aende na mzee wa kwao kumposa binti wa nyumba hiyo. Kwa watu wa Naitiri, mkwe hapandi paa la mama mkwe. Hapandi kuziba tundu, hapandi kufukuza nyoka, hapandi hata nyumba ikiwaka moto. Mama mkwe hulala chini ya paa hilo, na mkwe akilikanyaga ni kama amemkanyaga kichwani. Uchumba hufia hapo.

Kinyua hakujua. Yeye alikuwa mtu wa kijiji cha Kwanza, mtoto wa wakulima waliotoka Nyeri, na fundi wa stima katika duka la Baldev mjini Kitale. Alipanda kwa nia njema, na kitambaa mfukoni.

Lusike, mchumba wake, ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa akitoka kanisani na mama yake, Mama Selina, wakiwa wameshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Walipopita kona ya ghala, wakamkuta yule kijana juu, amepiga magoti kando ya sola, mikono ya shati imekunjwa, uso umejaa furaha.

"Mama, habari ya kanisa?" Kinyua aliita kutoka juu. "Taa imepona. Ilikuwa masizi tu."

Mama Selina alivuta leso akajifunika uso, akageuka, akaingia ndani ya mahindi na Biblia yake mkononi. Mahindi ya Julai yalikuwa yamempita kimo. Yalitikisika kidogo, kisha yakatulia.

"Shuka," Lusike alisema.

"Nakaza nati moja tu."

"Kinyua, shuka bana. Wacha hiyo nati."

Alishuka. Alipofika chini aliona macho ya Lusike, na furaha yote ikamtoka.

"Nimefanya nini?"

"Umepanda juu ya mama yangu."

"Si nilipanda Januari? Si ni mimi niliiweka hii kitu huko?"

"Januari ulikuwa fundi," Lusike alisema. "Sasa wewe ni mkwe."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Lusike alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mama yake, mjane, alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, mchana akilima na jioni akishona mbele ya koroboi, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyelia. Lusike aliweka akiba miaka miwili, akaenda Kitale kwa Baldev, akanunua sola moja, betri moja na taa tatu. Hapo Naitiri hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Watu walikuja kuangalia kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga.

Siku hiyo ya Januari Kinyua alikuja na ile sola ameifunga ndani ya blanketi. Mama Selina aliizunguka mara mbili.

"Hii kioo inakula nini?"

"Inakula jua, Mama."

"Na mvua ikinyesha siku tatu?"

"Inakula akiba, kama sisi."

Mama Selina alicheka. Tangu baba yake Lusike afe, watu wa nyumba ile walikuwa hawajasikia kicheko hicho. Jioni taa ilipowaka aliweka mkono chini yake, akatazama kucha zake moja moja. Kisha akamtilia fundi chai kwa mkono wake.

Kinyua alirudi kila baada ya wiki mbili kuangalia betri. Betri ile haikuhitaji kuangaliwa hivyo, na kila mtu alijua. Alimfundisha Lusike kufungua vifuniko sita na kuchungulia kama maji yamefunika vyuma. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya lile sanduku jeusi. "Usilete uso karibu sana," alimwambia siku moja, "hii maji inachoma." Lakini yeye hakurudisha uso wake nyuma, na Lusike pia hakurudisha wake. Baadaye walikaa mezani na Mama Selina, na Kinyua alibishana na mama huyo kama mahindi ya Kwanza yanashinda ya Naitiri. Chai ilikuwa nzito, ya maziwa ya ng'ombe wa hapo nyumbani.

Mwezi wa Juni Kinyua alituma neno la uchumba kwa senge, yaani dada ya marehemu baba yake Lusike. Neno likapokewa. Na tangu siku hiyo Mama Selina hakutokea tena mbele yake. Kinyua akija, mama yuko shambani. Kinyua akikaa, mama yuko jikoni na mlango umefungwa. Chai ililetwa na Lusike.

"Mama anaweka heshima," Lusike alimwambia. "Mkwe na mama mkwe hawaonani hivi hivi."

Kinyua aliitika kwa kichwa, lakini moyoni hakuelewa. Aliona mama aliyempenda amemchukia. Kwa hiyo aliposikia kwamba taa zimefifia, alijiambia hii ndiyo nafasi ya kumrudishia moyo. Akangoja Jumapili watu waende kanisani, akaazima ngazi kwa jirani, akapanda. Mambo ya paa hakuna aliyemwambia. Lusike hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anahitaji kuambiwa.

*

Jumamosi iliyofuata Lusike alimfuata Kitale. Alimkuta nyuma ya duka, ameketi juu ya kreti, anafunga waya kwenye swichi. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya asidi. Lusike aliyajua yote.

"Umekonda," alimwambia.

"Ni wiki moja tu."

"Basi umekonda kwa wiki moja."

Baldev mwenyewe alitoka dukani, mzee wa kilemba cha buluu, akavuta kiti akamwekea Lusike.

"Mwalimu, kaa. Huyu fundi yangu amechoma fyuzi tatu wiki hii. Miaka sita hajawahi kuchoma hata moja. Maliza maneno na yeye, ama nitafunga duka." Akarudi ndani.

Lusike aliketi, magoti yake karibu na ya Kinyua.

"Nimetoka kwa senge," alisema. "Jumamosi ijayo, badala ya posa, kesi ni yako. Watakuuliza neno moja tu. Ulipanda kama fundi ama ulipanda kama mkwe?"

"Ndiyo hiyo peke yake?"

"Hiyo peke yake. Ukisema fundi, hakuna kosa. Fundi hana makosa juu ya paa. Lakini ukiwa fundi, lile neno ulituma Juni linafutwa. Tunangoja mwaka, halafu unaanza upya."

"Na nikisema mkwe?"

Lusike aliangalia chini. "Wanaweza kukufukuza kabisa. Baba mdogo Wabwile hakukutaka toka mwanzo. Anasema hata lugha yetu hujui."

"Najifunza."

"Unajua kusalimia tu, na hata hiyo unasalimia wazee kama watoto."

Kinyua alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha.

"Mama yangu amenishangaa," alisema. "Yule mama, Rahab Nyaruai, hajui kuficha. Ameniambia, kwetu mtu akitengeneza paa ya mama mkwe anapewa uji. Huko kwa hao watu wako anapewa kesi."

"Usimlete mama yako kwa hii kesi."

"Sitamleta. Nitakuja na Mzee Gachanja, yeye haongei sana."

Lusike alimshika mkono, pale pale penye kovu kubwa. "Sema ulikuwa fundi. Nimezungumza na Baldev. Atakuandikia karatasi kwamba yeye ndiye alikutuma. Mwaka mmoja si mrefu, Kinyua. Nitakungoja hata miwili."

"Mwaka mmoja bila kukuona?"

"Utakuja kuangalia betri, kama fundi. Mama atatoka jikoni. Atakutilia chai."

Kinyua alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu anayepima waya kabla ya kuukata. Lusike alihisi uso wake unapata joto, lakini hakuangalia kando.

"Wewe unataka niseme uongo mbele ya mama yako?"

"Nataka nikupate."

"Nami nataka unipate. Ndiyo maana nauliza."

"Basi kama unataka, sema fundi. Usinifanyie ugumu."

Aliondoka na hasira ya mtu anayeogopa. Mlangoni aligeuka. Kinyua alikuwa bado anamtazama, na swichi mkononi imesahaulika. Baldev alikuwa ameshaanza kuandika ile karatasi juu ya kaunta, na ulimi wake uko nje kidogo kama mtoto anayefanya mtihani.

*

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili viti vilipangwa sebuleni kwa Mama Selina. Baba mdogo Wabwile alikalia kile chenye mikono. Senge alikaa kando yake, mama mnene wa maneno mafupi. Kinyua na Mzee Gachanja walipewa benchi karibu na mlango wa nje, pahali pa wageni ambao bado hawajaamuliwa. Lusike na mama yake walikuwa chumbani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi upana wa kidole.

Juu ya vichwa vyao wote kulikuwa na taa ya sola, imezimwa kwa sababu ni mchana.

"Sisi hatutaki kelele," Wabwile alianza. "Mimi mwenyewe ningemaliza hii maneno kwa kusema kila mtu arudi kwao. Lakini shemeji yangu, mwenye nyumba, amesema mtu aulizwe kwanza."

"Mtu aulizwe," Mzee Gachanja alikubali.

Senge alisogea mbele. "Kijana, Januari ulipanda hii paa. Hatukusema kitu. Ulikuwa unatafuta mkate yako. Jumapili ile umepanda tena. Kanisa ni kanisa na paa ni paa, mimi sichanganyi. Nakuuliza. Siku hiyo wewe ulikuwa fundi, ama ulikuwa mkwe?"

Chumbani, Lusike alishika ukingo wa kitanda. Mama yake alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Nina karatasi hapa," Kinyua alisema.

"Wacha tuione," Wabwile alisema, na sauti yake ililegea kidogo. Karatasi ingemaliza mambo bila aibu ya mtu yeyote.

"Hii karatasi inasema tajiri yangu alinituma nikague sola. Imepigwa muhuri."

"Basi ulikuwa fundi."

"Hapana, Baba. Tajiri yangu ni mtu mzuri, aliniandikia kwa kunihurumia. Lakini hakunituma."

Lusike alifumba macho. Nyuma ya mlango huo hakuweza kumkanyaga mguu wala kumfinya.

"Fundi hapandi paa Jumapili," Kinyua aliendelea. "Fundi anapanda siku ya kazi, anapanda akiitwa, na akishuka analipwa. Mimi hakuna aliniita na sikutaka kulipwa. Niliona Mama hatoki tena kunisalimia. Nikafikiri amenikasirikia. Nikasema, hebu nimtengenezee taa yake, pengine atatoka. Nilikuwa mjinga, lakini sikuwa fundi. Nilipanda kama mtoto wenu."

Nje kuku alikuwa anaparua majani makavu chini ya dirisha.

"Unajua ulichosema?" Senge aliuliza. "Ungesema lile neno lingine ungeenda nyumbani bila deni."

"Najua. Lusike alinifundisha hilo neno lingine."

Senge alitazama ule mlango wenye ufa. "Alikufundisha? Huyu mwalimu anafundisha hata Jumamosi."

Mzee Gachanja alicheka, akajifanya anakohoa. Wabwile hakucheka. "Mimi nimesikia ya kutosha," alisema. "Amekiri. Paa imekanyagwa na mkwe. Sisi tunataka nini tena?"

Ndipo Mama Selina alipozungumza, kutoka chumbani, akimwambia wifi yake kama vile wako peke yao kisimani.

"Muulize taa ilikuwa na ugonjwa gani."

"Anauliza taa ilikuwa na ugonjwa gani," senge alirudia, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Moshi ya jikoni, Senge. Upepo unaupeleka juu ya kioo. Masizi yalikuwa yamefunika nusu nzima. Niliosha na sabuni na maji ya moto kidogo."

"Muulize kwa nini hakusema Januari kwamba jikoni ni karibu sana."

Kinyua aliinama. "Mwambie niliona. Lakini pahali hapo ndipo waya ulikuwa unafika, na nilikuwa natazama kitu kingine."

"Alikuwa anatazama kitu kingine," senge alirudia polepole, akifurahia kila neno.

Lusike alificha uso katika mikono. Alisikia pumzi ya mama yake ikitoka puani, ile pumzi ambayo kwa Mama Selina huja kabla ya kicheko. Kicheko hakikuja.

"Muulize amekanyaga mabati mangapi."

"Tisa," Kinyua alijibu kabla ya kuulizwa.

"Ulihesabu?" Wabwile alishangaa.

"Nilikanyaga penye misumari tu, Baba, ili bati lisibonyee. Ni tisa."

Mama Selina alikuwa anatazama mkono wake wa kulia, na Lusike alijua anafikiria nini. Alikuwa anafikiria ile jioni ya Januari, na kucha zake, na kijana aliyebishana naye habari za mahindi. Kama Kinyua angetoa ile karatasi na kunyamaza, mama angetoka wiki ijayo na birika. Kijana alikuwa amechagua binti. Na kwa kuchagua binti alikuwa amemfunga mama huku nyuma ya mlango kwa maisha yote.

"Mama," Lusike alinong'ona, "samahani."

"Ya nini? Mtu amesema kweli." Akainua sauti. "Wifi, mimi namkubali. Lakini siwezi kulala chini ya bati lililokanyagwa na mkwe. Ayatoe yote tisa, alete mapya. Si yeye atakayepanda, atafute mtu. Na hiyo sola ishuke. Ikikaa juu itaharibika, na ikiharibika huyu atapanda tena, namjua. Ikae juu ya nguzo ya mti, hapo uani, mbali na moshi. Mti si paa."

"Na kondoo," Wabwile alisema haraka, maana aliona mambo yanamponyoka.

"Na kondoo ya kuosha nyumba, na blanketi, kama kawaida," senge alisema. "Na mpaka bati la mwisho lipigwe msumari, huyu kijana asikanyage hapa, na huyo msichana asikanyage Kitale. Barua pia hakuna. Wametusumbua vya kutosha."

Kinyua alisimama. Hakuweza kuuona ufa wa mlango vizuri kutoka pale, lakini aliutazama, na Lusike upande wa pili aliweka jicho lake hapo. Aliona shati jeupe lililopigwa pasi, na shingo iliyokonda, na macho yale yakimtafuta. Kisha Mzee Gachanja alimgusa bega, wakatoka.

*

Kinyua alikuwa amekopa na kujenga chumba chake mwaka ule, mfuko wake ulikuwa mtupu. Mabati aliyanunua mawili mawili, mwisho wa mwezi, na mara ya mwisho matatu. Yaliletwa Naitiri na magari ya mahindi, na kila mara yalipofika Lusike aliyapapasa kama mtu anayesoma barua. Fundi wa mbao aitwaye Wepukhulu ndiye aliyepanda. Jioni ile ile ya kesi alishusha sola, ameikumbatia kama ndama mgonjwa, akishuka ngazi kinyumenyume na kuiomba isimwangukie. Ikawekwa chini ya kitanda cha Mama Selina, imefungwa ndani ya blanketi lile lile ililokuja nalo. Koroboi ikarudi mezani kando ya cherehani.

Bati la tisa lilipigiliwa Jumamosi, tarehe nne Novemba. Saa kumi jioni Kinyua alisimama uani kwenye ngazi iliyoegemea nguzo mpya ya sola, miguu yake mbali na paa, anafunga waya. Lusike alishika ngazi chini. Hakukuwa na haja ya kuishika.

"Umekonda," Kinyua alisema kutoka juu.

"Kaza nati," Lusike alimjibu, na sauti yake haikukaa sawa.

Giza lilipoingia taa ikawaka, na dirishani walimwona Mama Selina kivuli tu, ameketi kwenye cherehani, mgongo kwao.

Hivi ndivyo vitu vilivyotumika. Mabati tisa. Misumari kilo moja na nusu. Kondoo dume mmoja mweupe. Blanketi moja. Nguzo moja ya mkalatusi, futi kumi na nne. Waya wa ziada, mita kumi na nane. Siku mia moja na tano ambazo Lusike hakumwona Kinyua, na jioni mia moja na tano ambazo Mama Selina alishona kwa koroboi, sare sitini na mbili. Na chai. Kutoka Januari hadi Juni Mama Selina alikuwa amemtilia Kinyua vikombe kumi na kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Cha kumi na mbili hakumtilia tena.